Kumlipa muuzaji wa nje bila kulizwa: maswali ya wafanyabiashara wadogo wa Kigoma

Duka langu liko Mwanga, Kigoma mjini. Nauza taa za sola za kuvulia dagaa, betri, kamba na nyavu, na sehemu kubwa ya mzigo natoa Guangzhou na Yiwu, China. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa dukani na kwenye simu, mengine mara tatu kwa wiki. Nimeyapa namba ili jibu moja likikutuma kwenye lingine usipotee.

## Kabla hujatuma hata senti

1. Nimempata muuzaji mtandaoni, bei yake iko chini kuliko wote. Nitajuaje kama yupo kweli?

Mwombe picha ya leseni ya biashara. Kampuni iliyosajiliwa China bara ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, na namba hiyo imeandikwa juu ya leseni yenyewe. Serikali ya China ina daftari la kampuni mtandaoni ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma. Kurasa zake ni za Kichina na wakati mwingine hugoma kufunguka ukiwa huku, lakini mtu wako aliyeko Guangzhou anaifungua kwa dakika mbili na kukusomea jina, tarehe ya kusajiliwa na aina ya biashara. Kampuni inayojiita kiwanda cha miaka kumi na tano huku daftari likionyesha ilisajiliwa mwaka jana imeshajijibia.

Ujue pia kwamba jina rasmi la kampuni ya China ni lile la Kichina. Jina la Kiingereza lililopo kwenye kadi yake anaweza kulibadilisha kama shati. Kwa hiyo dai jina la Kichina liandikwe kwenye ankara, pamoja na muhuri mwekundu.

Halafu piga simu ya video, tena bila kumpa taarifa siku moja kabla. Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya bidhaa unayotaka, atembee nayo mpaka mlangoni. Mwenye ghala atacheka na kufanya. Mwenye picha za kuokota mtandaoni atakwambia mtandao ni mbaya.

Na bei iliyo chini mno? Omba bei kwa wauzaji watano. Wanne wakikaa karibu karibu na wa tano akawa nusu yao, huyo wa tano hana kiwanda cha ajabu.

2. Proforma ni nini, na niangalie nini ndani yake?

Ni ankara ya awali, karatasi anayokutumia muuzaji kabla hujalipa. Wengi wanaitazama jumla ya chini tu, kisha wanakimbilia benki. Hiyo karatasi ndiyo mkataba wako. Mkija kugombana, kitakachosomwa ni kilichoandikwa humo, si zile meseji za sauti mlizotumiana usiku.

Kwangu mimi proforma ya taa lazima iseme: wati ngapi za kweli, betri ya aina gani na uwezo wake, urefu wa waya, idadi ya vipande, uzito na ujazo wa maboksi, siku za kutengeneza, masharti ya malipo, na bei imeishia wapi (swali la 13). Niliwahi kuandikiwa “taa ya wati 100” na muuzaji akaniletea taa ya wati 30 yenye kibandiko cha 100. Sikuwa na pa kushika, kwa sababu karatasi ilisema “taa ya wati 100” na kibandiko nacho kilisema hivyo hivyo. Siku hizi naandika kiasi cha umeme taa inachokula, kipimo ambacho fundi yeyote hapa Mwanga anakipima kwa mita.

3. Jina la akaunti si jina la kampuni. Nitume?

Ikiwa ni jina la mtu binafsi, usitume. Utaambiwa ni la mhasibu, ni la mke wa bosi, ni la kukwepa kodi. Hata kama ni kweli, siku ya kudai utakuwa umemlipa mhasibu, na kampuni itasema haijapokea kitu.

Akaunti ya Hong Kong ni habari nyingine. Viwanda vingi vya China bara vina kampuni dada Hong Kong kwa ajili ya kupokea dola, na hilo halina ubaya. Ila taka mambo mawili: usajili wa hiyo kampuni ya Hong Kong, na barua yenye muhuri wa kampuni ya China ikisema kwamba malipo ya ankara namba fulani yapokelewe na kampuni ile. Ankara nayo ilitaje jina hilo.

Kuna kipimo cha haraka ambacho hakihitaji kumuuliza mtu. Msimbo wa SWIFT, yaani utambulisho wa benki ya mpokeaji, una herufi na tarakimu 8 au 11, na ya tano na ya sita zinataja nchi: CN ni China, HK ni Hong Kong, AE ni Falme za Kiarabu, TR ni Uturuki. Hesabu kwa kidole. Tena China haitumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayoanza na herufi za nchi. Mtu wa Guangzhou akikupa namba ndefu inayoanza na GB au LT, hela yako inakwenda Uingereza au Lithuania, na yeye ndiye anayepaswa kueleza kwa nini.

4. Sina kampuni, nina duka tu. Benki itanikubalia kutuma?

Ndiyo. Jina la biashara, TIN, leseni na kitambulisho cha NIDA vinatosha kufungua akaunti ya biashara. Kinachoangusha wengi ni kutuma kwa akaunti ya mtu binafsi huku proforma ikiwa na jina la duka. Majina yafanane kuanzia proforma, benki, mpaka karatasi za forodha. Yakipishana, swali litakalokuja bandarini halitamhusu muuzaji, litakuhusu wewe.

## Njia za kutuma

5. Njia ipi ni salama kuliko zote?

Kwa oda ndogo, tuseme chini ya dola 2,000, lipa kupitia jukwaa lenye ulinzi wa mnunuzi au kwa kadi. Alibaba wana mpango wa Trade Assurance: hela inashikiliwa mpaka masharti ya oda yatimie. Lakini ulinzi huo unafanya kazi pale tu unapolipa kwenye akaunti inayoonyeshwa ndani ya oda yenyewe. Muuzaji akikuhamishia WhatsApp na kukwambia “lipa huku nikupunguzie asilimia tatu”, hiyo asilimia tatu ndiyo bei ya ulinzi wako.

Kuna mtego ambao sisi wa mikoani tunaingia bila kujua. Muda wa kulalamika una kikomo, na huhesabiwa tangu mzigo urekodiwe kuwa umepokelewa. Ukitumia wakala wa kukusanya mizigo, mfumo unaona mzigo umepokelewa siku unapoingia ghala lake Guangzhou. Wewe utafungua boksi Kigoma baada ya miezi miwili, muda umekwisha kitambo. Dawa yake iko swali la 12.

Kadi ya Visa, hata ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye M-Pesa, inafaa kwa sampuli na oda ndogo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupinga malipo kupitia aliyekupa kadi. Kwa mzigo ambao haukufika, dirisha la Visa kwa kawaida ni siku 120, lakini mtoaji wa kadi yako anaweza kutaka umtaarifu mapema zaidi.

Oda ikikua, utaishia kwenye TT, yaani uhamisho wa benki kwa benki. TT haina ulinzi wowote ndani yake. Ulinzi unautengeneza wewe kwa kugawa malipo (swali la 10).

6. TT inafanyikaje nikiwa hapa Kigoma? Lazima niende Dar?

Si lazima. CRDB na NMB wana matawi hapa mjini, na wanatuma. Nenda asubuhi. China iko mbele yetu saa tano: hapa ikiwa saa nne asubuhi kule ni saa tisa alasiri, na ikifika saa sita mchana wao wanafunga ofisi. Ukienda saa tisa mchana, hata ukikuta kosa hakuna wa kumuuliza.

Utajaza fomu, na hapo ndipo pa kutulia. Usimsomee dada wa kaunta namba kutoka kwenye simu. Chapisha proforma, mpe, kisha mwombe nakala ya alichoingiza kabla hajakipitisha. Mimi huweka rula juu ya mstari na kusoma tarakimu nne nne kwa sauti ya chini, watu nyuma yangu wakiguna. Jina la mpokeaji, namba ya akaunti, SWIFT, jina la benki, na sehemu ya maelezo: andika namba ya proforma na aina ya bidhaa, usiandike “malipo” peke yake.

Baada ya hapo dai nakala ya SWIFT, ile wafanyabiashara wanaiita MT103. Hiyo ndiyo risiti yako. Muuzaji asiyeanza kazi mpaka aione yuko sahihi. Wewe nawe itumie baada ya kuikagua, kwa sababu herufi moja ikikosewa hela inaweza kuzunguka wiki mbili ndipo irudi ikiwa pungufu.

7. Nimetuma dola 3,000, muuzaji anasema amepokea 2,965. Ananiibia?

Pengine hapana. Kati ya benki yako na yake kuna benki ya katikati, nayo inakata chake. Kwenye fomu kuna sehemu ya makato: OUR maana yake makato yote ni juu yako, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Ukiacha SHA bila kumwambia, yeye ataona pungufu na anaweza kuuzuia mzigo kwa ajili ya dola 35. Kubalianeni kwenye proforma nani anabeba. Mimi nachagua OUR kwenye malipo ya mwisho, kwa sababu hapo sitaki ubishi.

8. Kuna jamaa Kariakoo nampa shilingi, mtu wake China anamlipa muuzaji kwa yuan siku hiyo hiyo. Mbona ni rahisi?

Ni rahisi, na wengi wanafanya, na nitakwambia kwa nini mimi niliacha.

Kwanza, hakuna karatasi yenye jina lako. Muuzaji akikana, una skrinishoti ya WeChat ya mtu usiyemjua akimlipa mtu mwingine. Pili, hujui ile yuan imetoka wapi. Kama ni hela ya wizi, polisi wa China wanaweza kuzuia akaunti ya muuzaji wako, naye atakugeukia wewe umlipe upya, na huenda akawa na haki ya kukasirika. Tatu, TRA wakitaka ushahidi wa bei uliyonunulia, huna. Na kutoa huduma ya kuhamisha fedha kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Siku ofisi yake ikifungwa, shilingi zako zimo ndani.

Kama unachotaka ni yuan, iulize benki yako. Zipo zinazotuma yuan moja kwa moja, na baadhi ya wauzaji hushusha bei kidogo wakilipwa kwa fedha yao.

9. Na Western Union, au hizi USDT?

Western Union imetengenezwa kwa kumtumia ndugu. Wenyewe wanaonya usimtumie mtu usiyemfahamu, na hela ikishachukuliwa dirishani hakuna wa kumrudia. Muuzaji anayejiita kiwanda na kutaka Western Union nimefunga naye mazungumzo.

USDT ni mbaya zaidi: muamala haurudishwi, na Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali hapa nchini. Ukilia, utalia kwa nani?

## Kiasi gani, na lini

10. Kila mmoja anataka asilimia 30 kwanza na 70 kabla ya kupakia. Naweza kukataa?

Asilimia 30 kwa 70 ndiyo desturi, na si dhuluma. Kiwanda kinanunua malighafi kwa kianzio chako. Cha kupigania ni lile neno “kabla”. Asilimia 70 inalipwa kabla ya nini?

Wao wanapenda “kabla ya mzigo kutoka kiwandani”. Wewe taka “baada ya kukaguliwa”, na kama ni kontena zima, taka “baada ya kuona nakala ya BL”, yaani hati ya kupakia melini (swali la 11). Ukiwa mteja mpya watakataa hilo la BL, usinune. Gawa kwa namna nyingine: 30 kianzio, 60 baada ya ukaguzi, 10 baada ya mzigo kuingia ghala la wakala wako. Hiyo kumi mara nyingi ndiyo faida yake yote, kwa hiyo atakuwa makini na hesabu ya vipande.

Anayetaka asilimia 100 mbele kwa bidhaa anayodai iko ghalani, mnunulie kidogo. Oda ya kwanza iwe ya kiasi ambacho ukikipoteza utaumia lakini duka litafunguliwa kesho yake. Nimeona mtu akiuza pikipiki na kuchukua mkopo wa kikundi ili oda yake ya kwanza iwe nusu kontena. Sampuli hakuwa ameomba.

11. Nitajuaje kama BL aliyonitumia ni ya kweli?

BL ni hati ya kupakia melini, na mwenye BL halisi ndiye mwenye mzigo. Angalia namba ya kontena: herufi nne, ya nne kwa kawaida ni U, zikifuatiwa na tarakimu saba. Ingiza namba hiyo au ya BL kwenye tovuti ya kampuni ya meli, uifungue mwenyewe, usitumie kiungo alichokutumia. Itakuonyesha meli, bandari na tarehe. Soma pia jina la mpokeaji: liwe lako, herufi kwa herufi.

Wanaokusanya mizigo midogo hawatakupa BL ya meli. Watakupa hati yao wenyewe. Hiyo ina nguvu sawa na huyo wakala: akiwa na ofisi, jina na wateja unaowajua Kigoma, sawa.

12. Nani akanikagulie mzigo na mimi niko huku?

Yapo makampuni ya ukaguzi kama SGS, Bureau Veritas na Intertek, na mengine madogo ya Kichina. Unalipa kwa siku ya mkaguzi, kwa kawaida dola mia chache. Kwa oda ya dola 8,000 hiyo ni gharama ya kawaida; kwa oda ya dola 900 haina hesabu, na hapo mtumie Mtanzania aliyeko Guangzhou. Wapo wanafunzi na wafanyabiashara wanaofanya kazi hiyo kwa malipo madogo.

Usimwambie tu “nikagulie”. Mpe karatasi ya kazi: fungua maboksi matano uliyoyachagua wewe, si waliyochagua wao, washa kila taa kwa saa moja, pima, piga picha ya kibandiko na ya betri ikiwa wazi, hesabu maboksi yote. Ukaguzi ufanyike kabla ya salio kulipwa. Kama unalipa kupitia jukwaa, ufanyike kabla hujabonyeza kwamba umepokea.

Kama bidhaa yako inahitaji cheti cha TBS cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa, muulize wakala wako wa forodha mapema, na ukifanye kuwa sharti la kulipa salio. Cheti kikikosekana wakati mzigo uko baharini, gharama yote ni juu yako.

13. FOB, CIF, EXW: yananihusu nini kwenye malipo?

Yanasema bei imeishia wapi. EXW imeishia mlangoni kwa kiwanda, FOB imeishia melini kwenye bandari yao, CIF imefika bandari ya Dar ikiwa na nauli na bima. Wadogo tunaokusanyiwa mizigo tunataka bei iliyofika ghala la wakala, na iandikwe hivyo kwa maneno. Kuhusu CIF, kumbuka kwamba tangu 2018 mizigo inayoingia nchini inatakiwa ikatiwe bima na kampuni za hapa. Usilipie bima mara mbili. Na ushuru wako utahesabiwa kwa bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake, kwa hiyo usimpe muuzaji senti ya mwisho uliyonayo.

14. Je, LC, ile barua ya benki ya kuahidi malipo, si ndiyo salama kabisa?

Benki ndiyo inayoahidi kulipa, ikishapokea hati zilizotajwa. Lakini kwa kanuni zinazotumika duniani tangu 2007, UCP 600, benki inashughulika na hati, haishughulikii bidhaa. Muuzaji akileta karatasi safi na boksi lina mawe, benki inalipa. Ukijumlisha gharama na dhamana utakayotakiwa kuweka, mimi sioni maana yake kwa oda ya chini ya dola 30,000.

15. Nilipe lini ili mzigo unikute sokoni?

Hesabu kurudi nyuma. Meli peke yake inakula kama mwezi, halafu bandari, halafu reli au lori mpaka huku, zaidi ya kilomita elfu moja. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia Januari au Februari na viwanda hufungwa wiki kadhaa. Kianzio kinacholipwa siku kumi kabla ya sikukuu hiyo kitalala tu, na ndio wakati matapeli wanapenda, kwa sababu ukimya wa muuzaji una sababu.

Sisi wa ziwani tuna kalenda yetu ya ziada. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvuliwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Taa zilizoingia Juni zilikaa dukani zikitazamana na mimi. Hata ziwa likiwa wazi, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaendi na hela haizunguki. Salio la muuzaji lipange lidondokee siku za giza, wakati watu wanarudi na dagaa.

## Yakishaharibika

16. Muuzaji wangu wa miaka mitatu ametuma barua pepe kwamba amebadilisha akaunti. Ni yule yule, nitume?

Simama hapo hapo. Hili ndilo lililonipata, na sikuwa mgeni kwenye biashara.

Ilikuwa salio la dola 1,850. Barua ilikuja ndani ya mazungumzo yetu yale yale, ikiwa na ankara yetu, muhuri, mpaka utani wake wa kuniita bosi wa dagaa. Ilisema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi wa hesabu, nitumie hii mpya. Nikatuma. Siku ya tano muuzaji ananiuliza mbona kimya. Nikarudi kwenye barua, safari hii kwenye kompyuta ya jirani mwenye stationery. Anwani ya kampuni ilikuwa na herufi m. Ile ya mwizi ilikuwa na r na n zimebanana. Kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka ilikuwa m kabisa.

Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe ya mmoja wetu na kusoma wiki nzima, akisubiri siku ya salio. Hadi leo mimi na muuzaji tunabishana ilikuwa ya nani.

Tangu hapo, akaunti ikibadilika napiga simu kwa namba niliyonayo ya zamani, si ile iliyopo kwenye barua, nipige mimi na si kupigiwa, na anisomee tarakimu kwa mdomo huku namwona usoni. Kisha natuma kiasi kidogo kwanza, nasubiri athibitishe kiasi kamili alichokiona. Barua pepe niliiwekea uthibitisho wa hatua mbili jioni ile ile, ng’ombe akiwa ameshatoka zizini.

17. Nimeshatuma kwa tapeli. Nifanye nini sasa hivi?

Acha kusoma, piga simu benki. Waambie watume ombi la kusitisha malipo kwa benki iliyopokea, na waseme wazi kuwa ni utapeli. Hela ikiwa bado njiani inaweza kuzuiwa. Ikishaingia kwenye akaunti, benki ile kwa kawaida inahitaji ridhaa ya mwenye akaunti kuirudisha, na unajua atajibu nini, isipokuwa waizuie kwa sababu ya uhalifu. Mimi niligundua siku ya tano. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, akaunti tupu.

Kisha nenda polisi ukafungue jalada na kuchukua RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika. Beba MT103, barua pepe zikiwa na anwani kamili, na proforma. Kama tapeli alitumia laini ya hapa nchini, tuma namba yake kwenda 15040 pia. Kama ulilipa kwa kadi au jukwaa, fungua lalamiko siku hiyo hiyo (swali la 5).

Baada ya wiki utapigiwa na mtu anayesema anaweza kuirudisha hela ukimlipa ada kwanza. Huyo ni yule yule, au ni mwenzake.

18. Muuzaji ananiambia aandike ankara ndogo ili nilipe ushuru mdogo. Nikubali?

Achana na maadili kidogo tuongee hesabu. Umelipa dola 5,000, ankara inasema 2,000. Mzigo ukipotea, bima inalipa 2,000. Ukigombana naye, una karatasi ya 2,000. TRA wana bei za kulinganisha, wakiipandisha thamani na kukutoza faini chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, MT103 yako ya 5,000 ndiyo itakayokufunga.

19. Mzigo umefika mbovu. Nimeshamaliza kulipa.

Piga video unapofungua, boksi likiwa bado na gundi yake na alama za wakala, bila kukata kata. Mtumie ndani ya siku mbili tatu pamoja na hesabu: vipande vingapi, kasoro gani. Usidai hela, dai punguzo au vipande vya kufidia kwenye oda ijayo. Wauzaji wengi hukubali hilo kwa sababu wanataka urudi. Mimi nimelipwa fidia ya betri 40 kwa njia hiyo. Hela taslimu sijawahi kuiona ikirudi.

20. Wakala wa Dar anataka nimlipe gharama za kutoa mzigo kwa dola. Ni sawa?

Hapana. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mlipe shilingi, kwenye akaunti ya kampuni yake, udai risiti ya EFD. Kodi za TRA zilipe mwenyewe kwa namba ya malipo, usimpe akulipie.

21. Tumechanga akina mama wanne wa Ujiji kununua vitenge, oda ni moja. Nani atume?

Mmoja, mwenye TIN na jina lililopo kwenye proforma. Wengine watatu wamwingizie kwa benki, si mkononi, kila mmoja akiandika namba ya proforma kwenye maelezo. Andikieni karatasi moja kabla: nani ametoa kiasi gani, mzigo ukifika pungufu mtapunguziana vipi, na nani atapokea simu ya muuzaji. MT103 ipigwe picha, iwafikie wote wanne siku hiyo hiyo. Muuzaji naye aambiwe kwa maandishi kwamba mabadiliko yoyote ya akaunti lazima yathibitishwe na wawili kati yenu kwa simu ya video. Na rangi ambazo kila mmoja anazitaka ziandikwe kwa namba za sampuli, maana “nyekundu ya kawaida” imeshavunja urafiki hapa mjini.